Kutoka kidato cha nne hadi boti ya wagonjwa: mwongozo wa kusomea uparamediki kwa vijana wa Lamu

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yanapotoka hunijia vijana wawili watatu hapa Mkomani, mjini Lamu, wengine wameandamana na mama zao, wakiuliza, "Kaka, hii kazi yako ya ambulensi husomewa wapi?" Nimejibu barazani, nimejibu gatini, nimejibu kwa simu usiku. Sasa naandika jibu zima, ili hata aliye Ndau au Kiunga alipate bila kupanda boti kuja kunitafuta.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Katika miji mikubwa, mhudumu wa dharura hukaa na mgonjwa robo saa, labda nusu saa, kisha humkabidhi hospitalini. Kwetu sivyo. Mgonjwa wa Kizingitini au Kiunga huwa mikononi mwako kwa saa nzima, mbili, na bahari ikichafuka zaidi ya hapo. Daktari yuko ng'ambo ya maji, na wewe ndiye uliye naye. Kwa hiyo chuo kizuri kwa mtoto wa Lamu ni kile kitakachokupa saa nyingi zaidi za kushika wagonjwa wa kweli. Hicho ndicho kipimo nitakachokirudia hadi mwisho.

Hatua ya 1: Ijue kazi kabla ya kulipia fomu

Watu wengi hudhani kila aliyevaa fulana ya ambulensi ana elimu moja. Ngazi ziko mbalimbali. Aliyesoma huduma ya kwanza kwa siku chache anajua kuzuia damu, kumlaza ubavu aliyezimia, na kuita msaada. Juu yake yuko fundi wa huduma za dharura, ambaye wengi humwita kwa herufi zake, EMT: hupima, hutoa oksijeni, hufunga mifupa iliyovunjika, huzalisha mama asiye na matatizo, hubeba mgonjwa kwa usalama. Juu yake ndipo alipo paramediki. Huyu hupitisha mpira wa hewa kooni, huweka dripu, hudunga dawa za moyo na za maumivu, husoma mchoro wa umeme wa moyo, na huamua mwenyewe njiani wakati hakuna wa kumuuliza. Ili uone pengo lilivyo, nchini Marekani EMT husoma takriban saa 150 hadi 190, naye paramediki husoma kati ya saa 1,200 na 1,800.

Taaluma hii haina umri mkubwa. Mwaka 1967 katika mji wa Pittsburgh, Marekani, ilianzishwa huduma ya ambulensi iliyoitwa Freedom House. Waliochukuliwa kufunzwa walikuwa watu weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao hawakuwa na kazi. Kabla yao, mgonjwa wa mtaa ule alibebwa na gari la polisi au la kubebea maiti, akafika alivyofika. Daktari Peter Safar ndiye aliyepanga mafunzo yao, na Daktari Nancy Caroline akawaongoza na kuandika mtaala ulioenea nchi nzima. Daktari Caroline huyo baadaye alikuja Kenya akafanya kazi na AMREF, shirika lililoanza mwaka 1957 kwa kuwafikia wagonjwa wa mbali kwa ndege. Huwasimulia vijana habari hii kwa sababu wale watu wa Pittsburgh walitoka mtaa uliosahauliwa, wakarudi kuuhudumia mtaa huohuo, na kilichowafikisha ni mafunzo marefu ya vitendo.

Ujipime vipi? Fanya kozi fupi ya huduma ya kwanza, ya Msalaba Mwekundu au ya St John Ambulance. Kisha omba kujitolea hospitalini japo kwa wiki chache, hata kama kazi yako itakuwa kusukuma machela na kuosha vyombo. Tazama kama unaweza kusimama karibu na damu, matapishi na kilio cha mama aliyefiwa, ukaendelea kufikiri. Mwenye kutapika siku ya kwanza asikate tamaa, hilo hupita. Asiyeweza kabisa kuamka saa nane za usiku akiwa na utu na upole, huyo afikirie kazi nyingine ya afya. Ziko nyingi na zote zina heshima.

Hatua ya 2: Tazama alama zako

Mlango wa shahada katika vyuo vikuu vya Kenya ni wastani wa C+ katika KCSE, na kozi za afya huangalia zaidi bayolojia, kemia, hisabati au fizikia, pamoja na Kiingereza au Kiswahili. Diploma za KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, kwa kawaida huanzia wastani wa C, na vyeti huwa chini kidogo ya hapo. Masharti ya kila kozi hutolewa upya kila mwaka, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako, usitegemee la kaka yako.

Ukipungukiwa, panda ngazi kwa ngazi: cheti, kazi, diploma, kisha shahada. Nawajua watu waliopita njia hiyo. Walipofika darasa la shahada walikuwa wamekwisha kushika mamia ya wagonjwa, na wenzao waliotoka moja kwa moja shuleni waliwategemea.

Hatua ya 3: Chagua chuo

Hapa ndipo pesa za wazazi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilipomaliza shule nilijiunga na chuo kimoja cha binafsi, jina nitalihifadhi. Kijitabu chake kilikuwa na picha ya helikopta. Tulipofika tulikuta sanamu moja la mazoezi kwa wanafunzi arobaini, mkono wake mmoja umetoka, na tuliahidiwa ambulensi ambayo hatukuipanda muhula mzima. Mama yangu alikuwa ameuza mbuzi wanne. Nilihama baada ya muhula ule, na karo haikurudi. Tangu hapo nimejifunza kuuliza kabla ya kulipa, nawe uulize hivi.

Anza na kutambuliwa. Shahada lazima iwe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na jina la kozi lionekane kwenye orodha ya tume yenyewe, si kwenye bango la chuo tu. Uliza pia Baraza la mafundi wa huduma za dharura nchini kama wahitimu wa chuo hicho husajiliwa bila kikwazo. Kisha uliza saa: ni ngapi za darasani, ngapi za hospitalini, ngapi ndani ya ambulensi? Taka jibu kwa tarakimu. Mkuu wa kozi akikujibu "nyingi tu", chukua mfuko wako uende. Uliza kila mwanafunzi hutakiwa kuzalisha mama wangapi, kuweka dripu ngapi na kusaidia kupumua wagonjwa wangapi kabla ya kuhitimu. Chuo cha kweli kina daftari lenye idadi hizo, na kitakuonyesha. Mwisho, uliza nani atakuwa pembeni yako kazini. Mwanafunzi aliyeachwa peke yake na mgonjwa hujifunza hofu, na mgonjwa ndiye anayelipia.

Hapa Kenya wengi huanzia ngazi ya EMT. Msalaba Mwekundu na St John hufundisha, na KMTC, chuo kilichoanza mwaka 1927, kina kozi za huduma za dharura katika baadhi ya kampasi zake. KMTC ina kampasi hapa Lamu, lakini kampasi kuwa mlangoni hakumaanishi kozi unayoitaka inafundishwa humo. Fungua orodha ya kozi kampasi kwa kampasi. Miaka ya karibuni maombi yamekuwa yakipitia KUCCPS, idara ya taifa inayowapangia wanafunzi vyuo, kwa hiyo jisajili humo mapema na usingoje siku ya mwisho, mtandao huelemewa.

Wenye uwezo au ufadhili wa kwenda nje huniuliza sana. Afrika Kusini ndiko karibu na ndiko ninakokupenda zaidi kwa mtu wa kwetu: vyuo kama Cape Peninsula University of Technology, Durban University of Technology na University of Johannesburg vina shahada ya miaka 4 ya huduma za dharura za kitabibu, na ndani yake kuna uokoaji wa majini na milimani. Uingereza shahada huchukua miaka 3, na bila kusajiliwa na baraza liitwalo HCPC huruhusiwi hata kujiita paramediki, maana jina lenyewe linalindwa na sheria. Australia nayo ni miaka 3, na tangu Desemba 2018 maparamediki wa nchi nzima husajiliwa kama wauguzi na madaktari. Marekani wengi husoma shahada ndogo ya miaka 2 katika vyuo vya jamii, kisha hufanya mtihani wa taifa. Kokote uendako, kabla ya kukata tiketi, uliza Mamlaka ya Taifa ya Sifa za Masomo, KNQA, jinsi cheti cha huko kitakavyolinganishwa utakaporudi. Mtu aliyesoma miaka minne ughaibuni akarudi akakaa mwaka barazani akingoja karatasi, hasara ni ya wagonjwa wetu.

Hatua ya 4: Pesa na makaratasi

Omba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, mara tu upatapo barua ya chuo. Omba basari ya kaunti na ya NG-CDF, mfuko wa eneo bunge, pia, na upeleke fomu kwa mkono wako mwenyewe. Karo si gharama ya peke yake: kuna buti, sare, stetoskopu, nauli ya kwenda vitendo usiku, na chumba karibu na hospitali. Piga hesabu ya chumba kwanza, kwa sababu wanafunzi wengi wanaoacha kozi huachia hapo.

Cheti cha tabia njema huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Na chanjo ya homa ya ini aina ya B ianze mapema: dozi ni tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita. Ukingoja hadi wiki ya kuingia wodini, utazuiwa mlangoni, au uingie bila kinga, na sindano moja ikikuchoma utajuta.

Hatua ya 5: Andaa mwili na ulimi

Mwili kwanza. Jifunze kuogelea ukiwa na nguo, kwa sababu hakuna atakayekungoja ubadilishe. Wasichana wetu wengi walikulia ufukweni lakini hawakufunzwa kuogelea. Watafutiwe mwalimu wa kike na saa ya faragha, wafunzwe. Nasema hili kwa uzito. Nyumba nyingi za Lamu, mama akishikwa na uchungu, jamaa huuliza kwanza kama yuko mhudumu wa kike. Siku ambazo hayuko nimeona dakika zikipotea mlangoni watu wakishauriana, na damu inatoka. Mji huu unahitaji maparamediki wanawake kuliko unavyohitaji boti mpya.

Jifunze kubeba. Kisiwani magari yanahesabika kwa vidole, na vichochoro vingine machela ikikutana na punda mwenye mzigo, mmoja lazima arudi nyuma. Ngazi za nyumba zetu za mawe ni nyembamba na zina kona, machela ndefu haipindi. Tunamshusha mgonjwa kwa kiti au kwa shuka imara ya watu wanne, miguu ikitangulia ili kichwa kibaki juu. Fanyeni mazoezi na ndugu yako nyumbani, orofa hadi chini, mara kumi. Chuoni utafunzwa machela ya magurudumu. Ya ngazi za Lamu utajifunza Lamu.

Sasa ulimi. Masomo yote yatakuwa kwa Kiingereza, na wagonjwa wako wengi hawatakuambia neno moja la Kiingereza. Weka daftari lenye safu mbili tangu wiki ya kwanza: upande mmoja neno la kitabuni, upande wa pili neno la watu. Kongosho, wengu, nyongo, figo, koromeo, umio, utosi, kinena, kiwambo cha moyo. Usiishie hapo. Andika na namna watu wanavyoshtaki maumivu, kwa sababu humo ndimo ugonjwa ulimojificha. Mzee wa Lamu atakwambia "kitwa chaniwanga", na ukiwa umezoea vitabu tu hutasikia kuwa analalamikia kichwa. Mama akisema "roho yanipapa", weka kidole kwenye mpigo wa mkono, hesabu moyo, usidhani anazungumzia huzuni. "Kifua chanibana" cha mvuvi wa miaka 55 aliyelowa jasho si uchovu wa nyavu hadi mchoro wa moyo uthibitishe hivyo.

Na kuna maneno yanayobeba imani. Mtoto mwenye homa akitetemeka, bibi atasema dege limempitia. Mjamzito akianguka na kukakamaa, watakuwapo watakaosema ana pepo, hali ni kifafa cha mimba na kinaua mama na mtoto kikicheleweshwa. Usibishane na bibi. Mwambie, "Bibi, soma dua, nami nampima presha, twende sote botini." Kisomo kinaendelea, mgonjwa yumo safarini, na heshima ya nyumba haikuvunjwa. Sikufunzwa hili darasani. Nilifunzwa na muuguzi mzee wa Faza, na nimelitumia mara nyingi kuliko sindano yoyote.

Ukiweza, ongeza Kitikuu, Kisomali au Kiorma japo salamu na maswali kumi: panauma wapi, tangu lini, umetapika, una mimba, unatumia dawa gani.

Hatua ya 6: Mwaka wa kwanza na wa pili darasani

Mwanzo ni mwili ulivyoumbwa na unavyofanya kazi. Ni mgumu, na wengi huanguka hapo kwa kutaka kukariri. Usikariri moyo, uchore. Fuata tone la damu kutoka kidole cha mguu hadi mapafuni na kurudi, ukilieleza kwa Kiswahili kwa mdogo wako. Akielewa, umeelewa.

Vipimo vya uhai viwe kama majina ya ndugu zako. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, moyo hupiga 60 hadi 100. Kukandamiza kifua ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Aliyezama majini ni tofauti kidogo, na sisi watu wa visiwa tulijue hili vizuri: yeye moyo umesimama kwa kukosa hewa, kwa hiyo huanziwa pumzi kabla ya kifua. Usimninginize kichwa chini kumwaga maji. Nimeona wavuvi wema wakifanya hivyo, na dakika zile ndizo zilizohitajika.

Kisha huja dawa, na dawa ni hesabu. Nitakupa hesabu mbili za kwetu, ambazo kitabu cha Ulaya hakitakusisitizia.

Ya oksijeni. Mtungi mdogo wa kubebeka huwa na lita 340 hivi. Mgonjwa anayehitaji lita 10 kwa dakika ataumaliza kwa dakika 34. Akihitaji lita 15, ni dakika 22 tu. Sasa safari ya dakika 90: 90 mara 10 ni lita 900, karibu mitungi mitatu, na akiba ya boti kuzima injini katikati ya mkondo ni mtungi wa nne. Ambulensi ya mjini hutoka na mtungi mmoja na ikafika salama. Ukitoka Kiunga na mmoja, utafika Lamu umeshika barakoa tupu. Piga hesabu hii kabla ya kamba ya boti kufunguliwa, kila safari, hata ukijiona umeizoea.

Ya dripu. Mrija wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita moja. Lita moja kwa saa 8 ni matone 20,000 kwa dakika 480, yaani tone 42 hivi kwa dakika. Botini dripu huyumba na matone hayahesabiki vizuri, kwa hiyo tazama kiasi kilichobaki kwenye mfuko kila robo saa, na uandike.

Halafu kelele. Injini mbili zikinguruma hutasikia kitu kwenye stetoskopu. Funga mkanda wa presha, weka vidole kwenye mpigo wa kifundo cha mkono, jaza hewa hadi mpigo upotee, punguza polepole. Namba unayohisi mpigo ukirudi ndiyo presha ya juu. Ya chini hutaipata, na safari nyingi haihitajiki. Mwombe mwalimu akufunze hivyo ukiwa umefumba macho.

Hatua ya 7: Vitendo

Humu ndimo elimu ilimo. Daftari la vitendo lisainiwe siku hiyohiyo, maana msimamizi wako akihamishwa, saa zako zimekwenda naye.

Usikimbilie ajali tu. Wanafunzi wa kiume hasa hupenda damu na ving'ora, kisha wodi ya wazazi huingia kwa kusukumwa. Fanya kinyume. Omba zamu nyingi za kuzalisha, usiku na mchana. Mama aliyepoteza zaidi ya mililita 500 za damu baada ya kujifungua ameingia hatarini, na kwa macho damu iliyomwagika kwenye kanga huonekana ndogo kuliko ilivyo. Jifunze kuikadiria kwa kupima nguo zilizolowa kwenye mizani. Jifunze kukanda tumbo la uzazi hadi ligande kama mpira, na wakati gani dawa ya kulibana hutolewa. Safari nilizowahi kuogopa kweli zilikuwa hizi.

Omba pia kitengo cha watoto wachanga na chumba cha upasuaji, mahali pa kujifunza njia ya hewa chini ya jicho la mtaalamu wa nusukaputi. Ukipangiwa hospitali kubwa ya Mombasa, shukuru, wagonjwa ni wengi na utachoka vizuri. Ukiruhusiwa kuchagua kipindi kimoja, rudi pwani ndogo: Malindi, Mpeketoni, Faza. Utajua mgonjwa anavyofika, na kwa nini amechelewa.

Yako mambo ya bahari yanayohitaji kutafutwa, hayatakujia. Aliyechomwa na taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani, hutulizwa kwa kuzamisha mguu kwenye maji ya moto yanayostahimilika, nyuzi 45 hivi, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Jaribu maji kwa mkono wako kwanza, mguu uliokufa ganzi hauoni moto. Aliyeungua na mafuta, maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, bila dawa ya meno wala asali. Aliyeumwa na nyoka huko Witu, kiungo kitulizwe kisichezwe, hakuna kuchanja wala kunyonya. Kwenye damu inayoruka, mkanda wa kubana ukifungwa, andika saa juu ya paji la uso au kwenye mkanda wenyewe. Safari yetu ndefu hufanya saa ile kuwa jambo la kwanza daktari atakalouliza.

Na ujifunze maji. Fundi wa boti anajua, lakini anayeamua mgonjwa aondoke saa ngapi ni wewe, kwa hiyo nawe ujue. Wakati wa bamvua maji hukauka sana. Pate mjini boti haifiki maji yakipwa, watu hushukia Mtangawanda, na kutoka hapo kuna mwendo wa nchi kavu. Mkondo wa Mkanda nao una saa zake. Kusi ikivuma, mawimbi ya Kiunga si ya kubebea mtu aliyevunjika uti wa mgongo bila kumfunga imara. Ndege za kuchukua wagonjwa hutua Manda, na bado hapo kuna kivuko cha kwenda na machela. Akiwa na hewa iliyovuja kifuani, mwambie daktari wa ndege kabla haijapaa, kwa sababu hewa hutanuka kadiri mnavyopanda.

Hatua ya 8: Usajili na kazi

Ukihitimu, jisajili na baraza mara moja. Vyeti vya kuokoa maisha vya msingi na vya juu huwa na umri wa miaka 2, kwa hiyo weka tarehe mahali unapoiona. Omba kazi kwa kaunti, Msalaba Mwekundu, kampuni za ambulensi, hoteli, na bandari mpya ya Kililana iliyoanza kupokea meli mwaka 2021. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 imelirudia hilo. Ukienda kwenye usaili wa kaunti, zijue sheria hizo mbili, ueleze zinamaanisha nini kwa mtu wa Ndau.

Wiki ya kwanza kazini, kaa na nahodha wa boti kabla ya kukaa na daktari. Muulize akiba ya petroli huwekwa wapi, taa ziko wapi, na injini ya pili iliwashwa lini mara ya mwisho. Hesabu mitungi.

Kisha chagua mtu mmoja wa kuzungumza naye mgonjwa wa kwanza atakapokufa mikononi mwako, kwa sababu atakufa, na atakuwa mtu unayemjua, huu ni mji mdogo. Chagua mapema, umwambie kabisa: "Siku ikifika nitakupigia simu, hata iwe alfajiri." Mimi wangu alikuwa yule muuguzi wa Faza. Nilipompigia hakuniambia niwe mwanamume wala nisahau. Aliniambia nije, akanipikia uji wa mtama, akanitaka nimsimulie safari nzima tangu gatini, dakika kwa dakika. Tulipofika mahali nilipochelewa kubadilisha mtungi, tulikaa hapo muda mrefu. Zamu iliyofuata nilihesabu mitungi mara mbili.